Njia ya Vuga kwa Baisikeli

Watu wengi hudhani ya kuwa historia hukaa vitabuni tu, na ya kuwa asiye na kitabu hana njia ya kuijua. Sivyo. Kitabu hutupa majina na miaka, lakini mara nyingi sababu za mambo zimelala katika nchi yenyewe: katika mlima, katika mto, na katika njia ya kupandia na kushukia. Mwenye kutaka kujua kwa nini ufalme ulisimama mahali fulani miaka mia na zaidi, kisha ukaanguka kwa miaka michache tu, na aende mahali pale, wala asiende upesi mno.

Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji habari za safari moja ya mzunguko katika milima ya Usambara, upande wa magharibi, katika Mkoa wa Tanga. Yaanza Mombo, nyikani. Yapanda mpaka Soni. Yaenda Vuga na Bumbuli. Yashuka kwa njia ya Dindira mpaka Korogwe. Kisha yarudi Mombo kwa njia ya chini. Jumla yake ni maili 80 na kidogo. Mwenye nguvu aweza kuimaliza kwa siku mbili. Mwenye busara atatumia tatu, maana vijiji vya njiani vina mengi ya kusema.

Chombo kifaacho ni baisikeli. Baisikeli kama tuijuavyo, yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta mipira ya kujazwa upepo. Tangu siku zile imekuwa rafiki wa mwalimu, na wa mhubiri, na wa mkulima apelekaye ndizi sokoni. Aliye ndani ya motokaa hausikii mlima. Injini ndiyo iusikiayo. Aendaye kwa miguu huusikia, lakini mzunguko kama huu humla juma zima. Mpanda baisikeli huupima mlima kwa kifua chake na magoti yake, na bado hufika kijiji cha pili kabla ya jua kutua. Na kupima huko ndiko kutakakotufaa, kwa sababu neno langu ni hili: habari za ufalme wa Washambala ni habari za mteremko. Walio juu walitawala maadamu utajiri ulikuwa juu. Utajiri uliposhuka, nguvu nazo zilishuka.

Kupanda kutoka Mombo

Mombo uko nyikani, chini kabisa ya milima. Hapo jua ni kali na vumbi ni jingi. Barabara ya lami iendayo Soni na Lushoto yaanza kupanda karibu mara moja, ikifuata bonde jembamba lenye mto chini na mwamba juu. Kutoka Mombo mpaka Soni ni kama maili 11, na katika maili hizo msafiri hupanda futi kama 2,500. Mwenye baisikeli nzito isiyo na gia atashuka mara nyingi aisukume. Wala si aibu, maana hata mwenye baisikeli ya gia huona jasho likimtoka puani.

Lakini atazame vizuri anapopumzika. Kwanza hewa yabadilika. Ile ya moto yabaki chini, na upepo wa baridi wamshukia usoni. Kisha miti yabadilika. Miiba ya nyikani yakoma, na migomba yaanza. Hata afikapo Soni, mahali mto unapoanguka kwa kishindo, amekwisha kuingia katika nchi nyingine.

Washambala wenyewe wameyajua haya tangu zamani. Nchi ya juu huiita Shambaai, na nchi ya chini huiita nyika. Shambaai ndiko kwao: kuna mvua, migomba na afya. Nyika ni mahali pa jua, homa na adui. Lakini hawakuiacha nyika kabisa. Vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo wa milima, ili watu wapate kulima migomba juu na kushuka kulima nafaka chini, ili shamba moja likikosa, jingine liwalishe. Adui akitokea nyikani, watu walipanda kwao. Mlima ulikuwa ghala, tena ulikuwa boma.

Vuga

Kutoka Soni msafiri huelekea kusini, karibu na ukingo wa milima, mpaka Vuga. Mgeni asiyejua atapita kama apitavyo vijiji vingine: nyumba, migomba, kanisa, watoto wakimsalimu. Lakini hapa ndipo palipokuwa mji mkuu wa Usambara, na mfalme wake aliitwa Simba Mwene.

Masimulizi ya asili ya ufalme huu tunayo kwa Kiswahili, nayo ni bahati kubwa. Abdallah bin Hemedi, aliyekaa na Wakilindi ujanani mwake, aliandika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kikapigwa chapa na misioni ya Magila kwa sehemu, tangu 1895 hata 1907. Humo twasoma habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe, mtu wa Kilindi katika nchi ya Ngulu. Alipokuwa mtoto meno yake ya juu yalitangulia kuota. Watu wakamhesabu kuwa kigego, mtoto wa bahati mbaya, na mwishowe jamaa zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akapanda Usambara. Huko akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua kesi zao kwa haki, nao wakampenda. Watu wa Bumbuli wakampokea, kisha akachukuliwa Vuga. Na kwa kuwa aliua simba, akapata jina lile ambalo wafalme wote waliomfuata walilichukua.

Kwamba kila neno la masimulizi hayo lilitukia vile vile, hakuna awezaye kuapa. Lakini maana yake ni wazi: mfalme wa kwanza alitoka nyikani, akapanda mlimani, akatawala kwa kuwapa watu chakula na amani. Haya yalikuwa katika karne ya kumi na nane. Tangu hapo wazao wake, Wakilindi, walitawala kutoka Vuga, na mfalme aliweka wanawe kuwa wakubwa katika vilima vya nchi. Kodi zilipanda Vuga: ng'ombe, mbuzi, nafaka, na kazi ya mikono. Na mfalme alipokuwa na nguvu kupita wote, Washambala walisema kwamba aweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, hata mvua ikanyesha na njaa ikakaa mbali. Lakini wakubwa wawili wakishindana, kila mmoja na uganga wake, watu waliamini ya kuwa nchi huharibika na mvua hukatika. Ndiyo sababu walitaka mfalme awe mmoja.

Aliyekuwa mkuu kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai. Enzi yake ilishuka mpaka pwani, hata baadhi ya wakubwa wa miji ya bahari walimletea heshima zao. Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Vuga kwa miguu akamwona. Akaja tena mwaka 1852 kwa njia ya Pangani. Mfalme alimpokea vizuri, akakubali walimu waje katika nchi yake. Mwenzake Krapf, Jakob Erhardt, alikaa Vuga miezi michache mwaka 1853. Lakini kazi yenyewe haikusimama katika maisha ya Kimweri. Mwezi wa Februari 1857 walikuja Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakipanda kutoka bonde la mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani. Burton aliandika ya kuwa mji ulikuwa na vibanda vya nyasi kama 500, na watu kama 3,000. Alimkuta mfalme ni mzee sana na mgonjwa, akitaka dawa ya kumrudishia nguvu. Dawa hiyo hakuna aliyekuwa nayo.

Basi msafiri na asimame Vuga, asogee mpaka ukingoni, atazame chini. Ataiona nyika imetandazwa kama mkeka. Kwa macho, Vuga yaitawala nyika yote. Lakini ule aliousukuma kwa jasho tangu asubuhi ndio umbali uliokuwa kati ya mfalme na njia ya misafara. Kimweri aliweza kuiona njia ile. Kukaa juu yake ni jambo jingine.

Bumbuli

Kutoka Vuga msafiri huirudia njia ya mashariki mpaka Bumbuli. Hapa hakuna kilima kimoja kikubwa; kuna vingi, na kila akishuka hujua ya kuwa atalipa deni lile mbele kidogo. Na asilegeze breki, maana kona ni kali, na wanawake wenye mizigo vichwani hupita njia iyo hiyo.

Njia hii kati ya Bumbuli na Vuga ilikuwa njia ya urithi. Ilikuwa desturi ya Wakilindi mrithi wa kiti akae Bumbuli. Masimulizi yasema ya kuwa Mbegha alipokufa kifo chake kilifichwa, na mwanawe Buge akaletwa Vuga kwa siri usiku kutoka Bumbuli. Kulipopambazuka watu wakaambiwa mambo mawili pamoja, kwamba mfalme amekufa na kwamba mfalme yupo. Hivyo nchi haikukaa hata siku moja bila mwenyewe. Mwenye kuipita njia hii kwa baisikeli atafahamu hekima yake: ni karibu kiasi cha kufikika kwa usiku mmoja, na ni mbali kiasi cha kumzuia mwana asimwingilie baba yake kila siku.

Lakini desturi hii iliponzwa na maisha marefu ya Kimweri. Mwanawe aliyekaa Bumbuli alitangulia kufa. Kimweri mwenyewe alipofariki, mwaka 1862, aliyeurithi ufalme ni mjukuu wake, Shekulwavu, naye alikuwa kijana. Wakubwa wa nchi walikuwa baba zake wadogo, wana wa Kimweri, watu wazima wenye majeshi yao. Kijana akaketi Vuga, na wazee wakamtazama kutoka vilima vyao.

Wazee wengi wakiulizwa kwa nini ufalme ulivunjika, hujibu: ugomvi wa ndugu. Jibu hili ni kweli, tena ni fundisho jema kwa nyumba zetu, lakini halitoshi. Ndugu wa ukoo wa kifalme hawakuanza kuoneana wivu mwaka 1862. Lazima tuulize: ni kitu gani kipya kilichoufanya ugomvi huu uuvunje mji ambao magomvi ya kwanza hayakuuvunja? Jibu haliko Bumbuli wala Vuga. Liko chini.

Korogwe na njia ya misafara

Kutoka Bumbuli njia yashuka kupita Dindira, kwenye mashamba ya chai, mpaka Korogwe. Sasa baisikeli yalipa wema wote iliotendewa. Lakini aangalie, mteremko mrefu huchosha mikono kama mlima uchoshavyo miguu, na breki zikipata moto na zipumzishwe. Kidogo kidogo baridi yamwacha, na joto lile la Mombo lampokea tena.

Korogwe iko kando ya mto Ruvu, na Wazigua walikuwa na makao yao hapo mtoni tangu zamani. Bonde hili lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara, mpaka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Walipanda na nguo, shanga, baruti na bunduki; walishuka na pembe za ndovu, na, kwa huzuni yetu, watu waliofungwa. Kwa kadiri biashara ile ilivyokua katika karne ya kumi na tisa, ndivyo bunduki zilivyozidi kuingia. Na bunduki haikupanda Vuga kwanza. Mzigo hulipiwa njiani, nayo njia ilikuwa chini.

Tangu Korogwe mpaka Mombo ni maili kama 25, karibu tambarare. Mpanda baisikeli aliyetumia nusu ya siku kupanda maili 11 huzimaliza maili hizi kwa saa chache. Tofauti hiyo, ambayo miguu yake imeijua bila kuambiwa na mtu, ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya Vuga na Mazinde.

Mazinde

Mazinde ni mahali nyikani, mbele ya Mombo, kaskazini-magharibi. Si ndani ya mzunguko wetu, lakini asiyefika hapo hatafahamu mwisho wake. Hapo alikaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Mzazi wake alitawala kwa mvua na kodi za mlimani. Yeye alijenga juu ya njia ya misafara. Akafanya urafiki na wafanya biashara wa pwani, akavaa mavazi yao, akapata bunduki na baruti na watu wa kuzitumia.

Siku zile Wabondei wa upande wa mashariki waliwaondokea Wakilindi, na vita vile vikaitwa Kiva. Karibu na mwaka 1868 Semboja akapanda Vuga pamoja na wasaidizi wake kumpiga mwana wa ndugu yake. Shekulwavu akakimbia, akafa si muda mrefu baadaye. Ndugu zake wakaendelea kupigana kutoka upande wa mashariki.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Semboja alipokwisha kuushinda mji wa baba yake, hakukaa humo. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu kuwa mfalme wa Vuga, naye mwenyewe akarudi Mazinde. Kiti kilibaki juu; nguvu zilibaki chini. Tangu Mbegha, mtu aliyetaka kuwa mkuu alipanda. Semboja ndiye wa kwanza aliyeona ya kuwa sasa ukuu ni kushuka.

Na watu wa vijijini? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi vita havikukoma. Watu walitekwa wakauzwa kwa misafara, Washambala kwa mikono ya Washambala, ili zinunuliwe bunduki za kuteka wengine. Mlima uliokuwa boma la watu ukawa mahali pa kuwindia watu. Hii ndiyo sababu haifai kuzisoma habari za wafalme kama hadithi za kujifurahisha tu.

Wadachi walipoishika nchi waliikuta imechoka. Semboja alikufa mwaka 1895. Na mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga mwanawe Mputa, wakampa Kinyashi wa nyumba ya Shekulwavu kiti cha Vuga. Mji wenyewe uliteketea kwa moto mwishoni mwa karne ile, wala haukurudia ukubwa wake. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, kisha ikafika Mombo, ikifuata karibu njia ile ile ya misafara. Mwaka 1893 pia Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida; iliyofika hai ni 62 tu, na kutoka hiyo mashamba ya katani yakajaa nyikani. Hivyo utajiri wa nyika ulibadilisha sura, wala haukupanda mlima.

Lakini Vuga haikufa. Mwaka 1895 wamisionari wa Bethel walianza kazi hapo, na baadaye pakawa na mitambo ya kupigia chapa. Vitabu vya Kishambala na vya Kiswahili vikatoka Vuga kwenda nchi za mbali. Mji uliopokea kodi ukawa mji wa kutoa vitabu.

Mafundisho yake

Mteremko haukuacha kuamua mambo ya watu hata baadaye. Baada ya mwaka 1945 serikali ya Waingereza iliona udongo wa Usambara unachukuliwa na mvua, ikawaamuru wakulima wachimbe matuta katika mashamba ya milimani. Hofu ya udongo kupotea ilikuwa ya kweli; lakini kazi ilikuwa nzito, nayo ilikuja kwa amri na faini, na wakulima, wanawake wengi miongoni mwao, wakaikataa. Mwaka 1957 amri hiyo iliachwa. Mwenye kusukuma baisikeli penye mwinuko kama ule aweza kukisia maana ya kupanda hapo kila siku na jembe begani. Na kazi ya wakubwa wa kikabila iliondolewa na sheria ya Tanganyika mwaka 1963.

Nimesema ya kuwa habari za ufalme huu ni habari za mteremko. Sisemi kwamba mlima huwalazimisha wanadamu. Mlima haukumwambia Semboja auze watu. Alichagua mwenyewe, naye atajibu kwa lile alilochagua. Lakini mlima na njia huonyesha ni mlango gani uliokuwa wazi mbele yake. Mwenye kulaumu bila kuutazama mlango hatajua namna ya kuufunga siku nyingine.

Basi, ndugu zangu, mkiwa na nafasi na baisikeli nzima, izungukeni njia hii. Na mlio mbali na Usambara, tafuteni njia ya kwenu, kwa kuwa hakuna wilaya isiyo na kilima chenye habari. Chukueni pampu, vipande vya kuzibia mpira, maji, na daftari. Mkifika kijijini, shukeni kwenye baisikeli kabla ya kuwaamkia wazee, wala msiyakaribie makaburi ya wafalme bila ruhusa ya wenyewe. Waulizeni wazee si majina ya wafalme tu, bali na haya: watu walipata wapi chumvi, soko lilikuwa wapi, walikimbilia wapi siku ya vita, na njia ya zamani ilipita wapi. Yaandikeni majibu, na jina la aliyesema, na siku. Abdallah bin Hemedi aliyaandika aliyoyasikia na kuyaona, na kwa sababu hiyo hata leo twamjua Mbegha na mbwa wake. Wazee wetu ni wachache kila mwaka, nao hawatangojea.